Matembezi ya Ndani

Aliyesema kulea mimba si kazi
hakuwahi kupanda kilima cha Chingeltei mwezi wa Januari,
tumbo mbele, barakoa puani,
na moshi wa makaa umelala bondeni
kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa.

Mimi ni Narangerel. Jina langu ni mwanga wa jua,
na jua lenyewe sijaliona tangu Jumanne.

Mkunga Dulmaa alinichoma kidole,
akaitazama damu yangu
kama mnunuzi anayeyatilia shaka maziwa.
"Nyepesi," akasema.
Akanipa vidonge vya madini ya chuma,
akanionya kuwa choo kitakuwa cheusi, nisishtuke.
Asubuhi ya tatu nikashtuka hata hivyo,
kisha nikacheka peke yangu katika choo cha uani,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
mtu mzima anacheka na shimo.

Chumvi nipunguze, kwa ajili ya presha
na miguu iliyovimba hata viatu vya baba yako vinanibana.
Mama mkwe Khandsuren, tangu azaliwe,
hajanywa chai ya maziwa isiyo na chumvi.
Sasa anamimina vikombe viwili vya chai bubu,
anakunja uso, anameza.
Hasemi neno. Nami sisemi.

Maji sibebi tena. Tuguldur, mtoto wa jirani,
anavuta madumu juu ya barafu, mshahara wake biskuti.
Maini ya kondoo nayala, ingawa pua inagoma.
Nalala ubavu wa kushoto.
Baba yako yuko kusini, jangwani, na lori lake.
Anapiga simu: umekula? umelala?
Nimekula, Ganzorig. Nimelala.

Lakini majira ya baridi ya mwaka juzi
palikuwa na mwingine humu ulimo.
Wiki kumi na tisa.
Ndiyo maana sijakununulia hata soksi.
Ndiyo maana usiku nayahesabu mateke yako
kama bahili na senti zake,
na yakichelewa,
najilaumu kwa kuvuta pumzi.

Siku moja Dulmaa alimaliza kupima:
presha, mkojo, kimo cha tumbo.
Akaweka kalamu chini.
"Na moyo?"
Nikadhani anataka kusikiliza mapigo, nikafungua vifungo.
"Si huo," akasema.

Nililia mpaka foleni ya nje ikaanza kukohoa.
Hakuniambia nyamaza,
hakuniambia utapata mwingine, waza mazuri.
Alitafuta mahali pa kuandika kwenye kadi;
mstari haukuwapo.
Akaandika pembeni, wima, kwa herufi za sisimizi:
*Anaogopa. Aje Alhamisi, hata kama haumwi.*

Basi Alhamisi naja.
Hewa ya nje haitufai, tunatembea ndani, ghorofa ya pili,
kutoka dirisha la chanjo hadi mlango wa daktari wa meno,
wanawake wanne wenye matumbo,
mabasi manne katika kichochoro kimoja.
Solongo anausema mgongo wake.
Uyanga, ambaye shule ameiacha juzi tu,
aliuliza kama ni kosa kutompenda mtoto bado.
Hakuna aliyekimbilia kumjibu.
Tulikwenda mizunguko miwili.
Ndipo Solongo akasema:
"Wangu wa kwanza nilimpenda akiwa na miezi mitatu,
siku aliyopiga chafya."

Nami nikasema, kwa sauti: wiki kumi na tisa.
Ukuta haukuanguka.
Uyanga akanishika kiwiko, tukageuka
pale kwenye mlango wa meno, tukaendelea.

Leo nikirudi nimesimama kibandani,
nimenunua soksi za sufu ya ngamia.
Sandukuni sijaziweka, usinisukume.
Zimo mfukoni mwa koti,
na hofu ikinijia njiani
naingiza kidole gumba ndani ya moja.
Kinaenea.